Mrija wa Odeke

Nasema wazi, mimi ni mwoga. Jumamosi hiyo, mwaka wa tisini na sita, nilifunga mlango saa tisa mchana jua likiwaka, nikausukumia meza kwa ndani. Binti yangu Brigid nilikuwa nimeshampeleka Angurai kwa shangazi yake. Kaka yangu Odeke alikuwa ametuma neno kwamba anakuja na mzigo.

Mizigo ya Odeke huvuka kutoka Uganda kwa njia za panya, na tangu nimzike bwanangu ilikuwa inalala chini ya kitanda changu hapa Malaba. Polisi wakiikuta, mimi ndiye naenda ndani, na Brigid abaki na nani? Mwezi wa pili nilisikia chuma kikigonga chuma ndani ya gunia, nikajua ni bunduki, nikakataa. Akanikunja kidole mpaka kikavunjika. Hadi leo hakinyooki.

Amongin, jirani yangu tunayeimba naye kwaya, alikitazama hicho kidole akasema, "Dada, kusamehe umeagizwa. Kumfungulia mlango hukuagizwa."

Rahisi kwake. Yeye hana kaka aliyembeba mgongoni hadi hospitali akiwa na surua. Mimi ninaye.

Kwetu, mwanamume huacha mrija wake wa pombe katika nyumba anapokaribishwa. Nilipookoka nilitoa chungu cha pombe, lakini mrija wa Odeke, mrefu kunishinda, ulibaki umechomekwa kwenye paa. Kumrudishia mtu mrija ni kumwambia hana kiti hapa tena. Asubuhi hiyo niliushusha, nikaupangusa vumbi huku nikiomba. Maombi yenyewe yalikuwa "Yesu, Yesu" tu, mengine yalinipotea.

Nikasikia baiskeli ikiegemezwa ukutani.

"Adeke, fungua. Jua kali."

"Sifungui."

"Wewe si umeokoka? Mtu wa Mungu anafungia damu yake nje?"

Nikafungua dirisha kidogo, nikapitisha mrija. Hakuushika. Alidaka mkono wangu, ule ule wa kidole, akakaza. Haki ya Mungu, nilijua anauvunja wote.

"Nimekusamehe, Odeke," nikasema. "Niachilie."

"Kama umesamehe, fungua."

"Nimesamehe, na sifungui. Ukija bila mzigo, ukija kanisani, nitakusalimu huko. Hapa ndani, hapana."

Nilimsikia akipumua. Kisha vidole vyake vikalegea, kimoja baada ya kingine, akauvuta mrija polepole mpaka ncha ikatoka mkononi mwangu. Aliufunga kwenye fremu ya baiskeli, kando ya gunia, akaondoka bila kugeuka.

Nilipoondoa meza na kufungua, alikuwa ameshapita kona. Nikakaa kizingitini nikalia. Nililia kwa sauti, vile tunavyolia matanga, na nilikuwa naona haya, maana hakuna maiti, hakuna turubai, na nani atanipa pole kwa mtu ambaye nimemfukuza mwenyewe?

Amongin akatokea na mzigo wa kuni kichwani, kama tunavyopeleka kwa wafiwa.

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia.

"Nimemwona njiani na mrija," akasema. Akatua kuni mlangoni, akawasha moto, akaketi chini kando yangu.