Feni ya Nyaya Mbili

Wanaosema kompyuta kuukuu zitupwe hawajawahi kuitwa kuiamsha moja asubuhi, washonaji kumi na wanane wamekaa mikono mapajani wakisubiri kitambaa. Mimi nimeitwa mara nyingi. Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta za mezani za zamani, zile nzito zilizogeuka rangi ya manjano kwa uzee, na katika kiwanda cha sare za shule kulikuwa na moja iliyoendesha kisu cha meza ya kukatia vitambaa. Kadi iliyoiunganisha na kisu haiingii kwenye kompyuta yoyote ya siku hizi. Nilikuwa sichoki kumkumbusha meneja jambo hilo, maana lilinifanya nionekane mtu wa maana.

Aliyeiendesha meza hiyo alikuwa mdogo wangu wa kike. Mimi ndiye niliyemwombea kazi pale. Alianza kwenye cherehani, akapanda mpaka kwenye kisu, na hapakuwa na aliyeondoa vipande vilivyokatwa kwa wepesi kama wake. Wenzake walimwita Kasi.

Siku moja akanipigia simu. "Kaka, dude lako limekufa tena. Njoo upesi, meneja amenuna mpaka mdomo unagusa sakafu."

Nilipofungua ubavu wa kompyuta nilikuta nyuzi na vumbi vimeshikamana kuwa blanketi zima. Feni ndogo inayopoza prosesa, ubongo wa kompyuta, ilikuwa imekwama. Nilipuliza vumbi, nikakwangua grisi iliyokauka, nikapaka mpya. Lakini feni yenyewe ilikuwa imekwisha, na ya kufanana nayo, yenye nyaya tatu, sikuwa nayo. Nilikuwa na ya nyaya mbili.

Wasiojua wanadhani feni ni feni tu. Ule waya wa tatu ndio unaoiambia kompyuta kwamba feni inazunguka. Usipokuwepo, kompyuta inaamini feni imekufa, basi inalia na kukataa kuwaka. Mafundi wote tunajua mchezo wake: unaingia kwenye mipangilio, unazima tahadhari, inanyamaza. Ni wa siku mbili tatu, mpaka feni yenyewe ipatikane. Nikaucheza na pale.

"Mbona sasa halilii?" mdogo wangu akauliza. "Umelinywesha dawa ya usingizi?"

"Nimeliambia wewe ni mdogo wangu, likaingiwa na adabu."

Akacheka. Meneja akanipiga bega, nami nikatoka kifua mbele. Sikumwambia mtu kuhusu tahadhari. Ningesemaje, kwamba nimefanya kazi nusu?

Feni ya nyaya tatu ilifika baada ya wiki moja. Nikaiweka kwenye droo nikasema nitaipeleka kesho. Kesho hiyo ilidumu wiki tatu. Sikuwa mgonjwa wala sikusafiri. Ulikuwa uvivu, na hata nikiutafutia jina zuri silipati.

Kompyuta ikizidiwa na joto hupunguza mwendo ili isiungue. Nyuzi ziliisonga ile feni ikasimama, na hakuna kilicholia. Katikati ya kazi kisu kikaganda juu ya kitambaa. Mdogo wangu akangoja, akaona kimya, akadhani kimemaliza. Akanyoosha mkono wa kulia kuondoa vipande. Kompyuta ikapata nafuu, ikaendelea na mstari uliobaki.

Vilikatika vidole vitatu, na nusu ya kidole gumba.

Meneja ndiye aliyenipigia. "Mdogo wako kapelekwa hospitali. Wewe pitia hapa kwanza uiangalie mashine, mkaguzi yuko njiani."

Nikapitia hapo kwanza. Najua jinsi linavyosikika. Sikukaa hata nusu saa: nilifunga feni ya nyaya tatu, nikawasha tahadhari, nikasafisha nyuzi, ile feni nyingine nikaitia mfukoni ingali na joto. Wenzake walikuwa wanaosha meza kwa ndoo na hakuna aliyenitazama. Mkaguzi alikuta kompyuta inafanya kazi barabara. Aliniuliza kama nimeigusa, nikamwambia nimeikagua tu. Sauti haikutetemeka, na mpaka leo naichukia kwa hilo.

Hospitalini nilimkuta amelala, bandeji mpaka kwenye kiwiko. Aliponiona akaanza kulia.

"Nisamehe, kaka. Uliniombea kazi, nimekuaibisha."

"Usiseme hivyo." Nilitaka kumwambia pale pale, naapa nilitaka, nikamwekea mto vizuri.

Siku ya tatu meneja alikuja na karatasi ya kutiwa sahihi. Iliandikwa kwamba mfanyakazi aliingiza mkono kabla mashine haijamaliza, kwa uzembe wake mwenyewe, na kwa hiyo kazi yake imekoma. Mdogo wangu aliisoma yote, taratibu, kisha akaishusha kifuani.

"Lakini ilisimama," akasema. "Meneja, ilisimama kabisa. Mimi si mtoto."

"Mkaguzi ameona mashine ni nzima, mama."

Akanigeukia. "Kaka, wewe ndiye unayeijua ile kompyuta kuliko mtu yeyote. Niambie kweli. Haikuwa na kasoro?"

Meneja naye akanitazama. Pale kiwandani nilikuwa na kompyuta nyingine tano za kutunza, na jina la fundi asiyekosea. Mdogo wangu hakuwa na kitu kingine ila jibu langu. Kama ningesema ilikuwa nayo, ile karatasi ingechanwa.

"Haikuwa na kasoro," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekubali kosa lake. Akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Alijaribu mara ya kwanza, karatasi ikateleza juu ya shuka. Akajaribu tena, ikateleza.

"Nishikie, kaka," akasema.

Nikaishika kwa mikono miwili mpaka akamaliza kuandika jina lake.