Tairi Kuukuu la Kamate

Kwa miaka sita Kamate hakuwahi kupanda baiskeli tupu. Alisukuma mafuta ya mawese kutoka Beni mpaka Butembo, na kama wasukumaji wote alitia tairi kuukuu ndani ya tairi la nyuma, mawe yasilitoboe. Lilikuwa zito, ndiyo. Lakini humo, kati ya tairi na tairi, ndimo walimoficha vitu ambavyo askari wa vizuizini hawakutakiwa kuviona.

Jioni moja, akiwa Butembo, alificha barua. Askari walikuwa wamemshika mdogo wake Jephté kule Beni wampeleke vitani, naye ni muuguzi wa zahanati ya kanisa! Mkuu wao alisema: barua ya pasta ya kuthibitisha hivyo, yenye muhuri, ifike kesho kabla ya saa saba, lori la kwenda vitani halijaondoka, na atamwachia. Pasta wa Butembo akaandika. Kamate akaifunga kwa plastiki, akaigandisha kwa gundi kwenye lile tairi kuukuu, akalaza baiskeli usiku ule kwa rafiki yake Ézéchias, fundi. Hakumwambia kitu. Siku hizo mtu alinyamaza hata mbele ya mkewe.

Asubuhi, saa mbili, alimkuta Ézéchias ameshang'oa chuma cha kubebea mizigo, anacheka.

"Nimekutolea uzito yote, ndugu yangu. Bila muzigo, kuteseka ni ya nini? Kanyaga tu, utaona."

"Aksanti sana, Ézé," alisema Kamate, mguu uko tayari kwenye pedali.

Wee! Baiskeli ilikimbia! Pale Maboya askari walimpekua mpaka soksi, wakamnyang'anya viatu. Pekueni tu, wajinga nyie, alisema moyoni. Mlima wa Kabasha, ambao siku zote aliupanda kwa miguu akitukana, leo aliupanda amekaa. Kumbe kile chuma kilikuwa kizito hivi? Alitazama jua, akazidi kukanyaga pekupeku.

Saa sita kamili alikuwa kambini Beni. Lori lipo! Jephté alikuwa juu yake, amebanwa kati ya vijana wengine.

"Yaya!" alimwita kaka yake. "Yaya, umefika!"

"Barua iko wapi?" mkuu aliuliza.

"Iko hapa, chef. Dakika moja tu."

Akapindua baiskeli, akatoa upepo, akabandua tairi la nyuma. Akaingiza vidole. Mpira wa upepo tu. Akazunguka gurudumu lote, mara ya pili, mara ya tatu. Tairi kuukuu halikuwamo. Uzito yote, alikuwa amesema Ézéchias.

"Chef, barua imebaki Butembo, naapa mbele ya Mungu. Ngojea kidogo."

"Saa saba," alijibu yule, akaenda kula.

Saa nzima Kamate alipiga magoti kando ya lori, ameshika mguu wa mdogo wake. Saa saba wakamtenganisha naye kwa kitako cha bunduki, na lori likaondoka.

Saa nane Ézéchias akafika anayumba, juu ya baiskeli yake mwenyewe, nzito, yenye tairi ndani ya tairi. Alikuwa amekata lile kuukuu apate kiraka, akaikuta barua.

"Nimekuulizia Maboya, umepita. Nimekuulizia Kabasha, umepita," alisema akilia. "Kamate, ulikuwa unakimbia sana."