Siku Mgongo Yangu Iliwekewa Askari

Mimi Kahiga nimejenga manyumba ya Ruring'u miaka thelathini, simiti haijawahi nifanya kitu. Mwaka huu mikono ikapasuka, ikawasha, hata kushika kikombe ya chai ni vita. Kampuni ikasema ati ni thabai ya shamba yangu, ile majani ya kuwasha tunapika na irio. Nikishindwa kuonyesha ni kazi imenigonjesha, hakuna fidia.

Daktari Samiha akanibandika vibandiko kumi kwa mgongo, moja iko na kemikali ya simiti. Pahali ngozi itafura, hiyo ndio inanigonjesha. "Mzee, siku tatu usioge mgongo, usijikune, usiguswe."

Kampuni, vile haiamini mtu, ikatuma msimamizi wetu Barnabas anichunge nisijipake thabai. Na Jumamosi ndio tulikuwa tunapeleka mahari ya kijana yangu huko Mweiga! Ikabidi twende na yeye.

Wakwe wakikuja kunisalimia, Barnabas anaruka mbele kama kuku ya vifaranga. "Mama, usimkumbatie! Mgongo!"

"Kwani ameatamia mayai?" mama ya bibi-arusi akauliza.

Bibi yangu Phyllis akacheka mpaka kitambaa ya kichwa ikaanguka. "Afadhali mayai. Huyu hajaoga."

Wakanipatia kiti karibu na mlango, pahali upepo inapita. Barnabas akakaa hapo, anatafuna mbavu ya mbuzi, macho kwa mgongo yangu.

Saa nane hivi, nikasikia kitu. Pahali moja tu! Nikaruka juu. "Inawasha! Asante Mungu, inawasha!"

Phyllis akapiga vigelegele. Wamama wote wakajibu, hata hawajui ni ya nini. Barnabas akanishika mikono zote mbili, "Guka, babu yangu, nakuomba, usikune!" Tukazunguka zunguka hivyo, watu wakafikiri tunacheza, wakaingia pia.

Jumatatu Daktari akabandua. Kibandiko ya simiti: ngozi nyekundu, imefura. Jumatano bado iko hapo.

Mkubwa wa kampuni akapigia Daktari simu. "Uliza kama kuna mtu aligusa hiyo mgongo!"

Daktari akageukia Barnabas. Maskini akakohoa. Aseme ndio, basi hakufanya kazi alitumwa.

"Hakuna mtu," akasema. "Hata mama mkwe nilimfukuza."

"Basi weka sahihi. Wewe ndio shahidi ya mzee."

Akaandika jina polepole, jasho inamtoka. Daktari akajaza fomu ya fidia pale pale, akapiga muhuri. Mimi nikatoka nikiimba wimbo ya kanisa kwa sauti, Phyllis ananikimbilia nyuma, "Baba, rudi! Umeacha shati!"