Chumba cha Bi Lupe

Jumamosi asubuhi Sieni alikuwa akimenya majimbi alipoona ukuta wa jikoni umesogea. Alimaliza jimbi lililokuwa mkononi, kisha akaenda kutazama. Palikuwa na mlango, na nyuma yake chumba: hatua nne kwa tatu, dirisha moja, harufu ya msonobari mbichi.

Jengo lao la ghorofa tano lilikuwa la mbao tupu, zilizoshikanishwa kwa gundi tabaka kwa tabaka badala ya zege, na paani paneli za sola zimejaa. Wenye jengo walisema mbao hizo zinapumua. Kwamba zinakua hawakusema, lakini Sieni hakuona ajabu. Mti ni mti. Alimwaza mama yake. Bi Lupe alikuwa akilala kwenye gereji ya jamaa kule Otara, upande mwingine wa jiji, maji yakipanda ukutani, na kifua kimembana tangu baridi ianze. Mkataba wa nyumba hii ya bei nafuu uliruhusu watu wanne, na Sieni na wanawe watatu walishatimiza idadi.

Bi Lupe alifika siku ileile na mkeka wake.

"Hiki chumba kinanijua," alisema. "Ona, mkeka umeenea kona hadi kona."

Wiki tatu hakukohoa. Sieni akiusikia ukimya ule machozi yalimtoka, wala hakuyasingizia vitunguu.

Alhamisi akaja mkaguzi wa nyumba, Filipo, Msamoa mwenzao, mtu mzima mwenye tumbo na kishikwambi. Bi Lupe alijifungia chumbani, kama walivyokubaliana. Filipo akavua viatu mlangoni, akazitazama ndara.

"Dada Sieni, mbona jozi tano?"

"Za mgeni."

"Mgeni kaondoka peku?"

Ndara hakuna aliyezikumbuka. Bi Lupe hakuwahi kuingia na viatu ndani ya nyumba maisha yake yote, hata siku ya kujificha. Akafungua mlango mwenyewe. Filipo akainama, akaomba radhi kwa Kisamoa, "Tulou, mama," akipita mbele yake, akaketi chini, akapewa chai. Alipima unyevu wa ukuta. Mkavu kabisa.

"Chumba kizuri kuliko changu," alisema. "Lakini kwenye ramani hakipo. Na chumba kisichokuwepo, mtu hawezi kulala ndani yake."

"Nimelala wiki tatu, mwanangu."

"Najua, mama. Naona haya mpaka basi."

Akaandika: vyumba viwili, mtu mmoja amezidi. Jumapili, baada ya ibada, alikuja kumbebea mkeka mpaka kwenye gari.

Bi Lupe alirudi Otara. Sieni alikifagia chumba kila Jumamosi, na kwenye ukaguzi uliofuata Filipo alikiandika kuwa ukuta. Mwezi wa tisa, chini kabisa karibu na mlango wa kuingilia, mbao zilichipusha rafu ndogo ya kutosha jozi moja ya ndara. Sieni akampigia mama yake kumweleza. Bi Lupe alingoja kikohozi kipite, kisha akauliza ni upande gani wa mlango, wa ndani au wa nje.