Utepe wa Asimina

Hariklia alipanda na viatu vyake juu ya kitanda cha mwanawe, akafungua kisanduku cha kioo kilichotundikwa ukutani, akatoa taji la ndoa la Thanasis. La mke aliliacha. Mataji hayo yalikuwa yameunganishwa kwa utepe mweupe tangu siku ya harusi, kama ilivyo desturi ya Epiro huko Ugiriki, kwa hiyo alikuja na mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo. Mkasi haukukata kitu. Utepe ukarefuka.

"Miaka yote hii, Asimina, hata mimba ya kusingizia hakuna," alisema akishuka. "Mwanangu namrudisha kwangu. Askofu ameshatia saini talaka."

"Haya, mama. Angalia usijikwae."

Utepe ulimfuata hadi kwake, ng'ambo ya bonde. Kufikia Jumatatu watu walishauzoea. Wazee wa mkahawani waliuinua kwa fimbo wakipita, na mama mmoja alianika soksi juu yake, zikakauka vizuri.

Kilichomuuma Asimina ni kwamba kijiji kiliacha kumwita mke wa Thanasis, kikamwita tasa. Na Thanasis, aliyemwogopa mama yake kuliko Mungu, alifunga nguo zake akahamia kwake.

Padri Panteleimon alikuja kumtuliza. Alikula vipande viwili vya pai ya mboga, kisha akasema ndoa iliwekwa ili watu wazae, waijaze dunia.

"Padri, siku ya harusi yetu ulituombea kwa majina ya nani?"

"Abrahamu na Sara, binti yangu. Isaka na Rebeka. Zakaria na..."

"Malizia tu. Na Elizabeti. Wote hao walikaa bila mtoto mpaka majirani wakachoka kuwasema. Yupi alirudishwa kwao? Na Hawa aliletwa kwa nini, kama si kwa sababu haifai mtu awe peke yake? Kwangu Thanasis hakuwa peke yake hata siku moja. Sitoki hapa. Mimi ni mke wa mtu."

"Hayo ni Maandiko," alisema padri. "Hapa ni kijijini."

Mwezi wa tano Thanasis alimwoa Evdokia, binti wa mfuga nyuki. Padri alipowavika mataji mapya, utepe wa taji la bwana harusi ulitoka mlangoni mwa kanisa, ukashuka mteremko, ukaingia dirishani kwa Asimina. Walipoizunguka meza ya ibada, kama ilivyo ada ya ndoa, uliwafunga miguu padri na msimamizi. Wakajinasua, wakaendelea. Hariklia akaja mbio kwa Asimina na gauni lake la hariri.

"Ulegeze, shetani wewe!"

"Sikuufunga mimi, mama. Aliyeufunga yuko kanisani, kamuulize."

Mwaka ulipita, Evdokia naye hakushika mimba. Kijiji kikamhamishia lile jina. Thanasis hakuulizwa kitu. Asubuhi moja Evdokia aliushika utepe, akaufuata na furushi lake la nguo hadi mlangoni kwa Asimina.

"Dada, nimefukuzwa."

"Ingia. Kula kwanza."

Wakati huo Hariklia alikuwa dukani, akimuulizia mwanawe msichana mwingine. Kanisa lao la Kiorthodoksi humruhusu mtu kuoa hadi mara tatu.