Sahani ya Shimba

Vitenge viwili vilining'inia ukumbini kwangu, kila kimoja na msumari wake. Cha kijani nilijifunga nikiingia stoo kwa mgonjwa. Cha njano nilijifunga nikienda chumbani kwa mzima. Katikati palikuwa na beseni la maji ya sabuni, na mikono yangu ilikuwa imechubuka kama ya mtu aliyeachiwa vyombo vya harusi nzima.

Hebu niwatege: wangu wawili wanakaa nyumba moja na hawaonani. Mtoto yeyote wa hapa Mirongo atajibu upesi, macho. Kwangu mimi jibu lilikuwa paka.

Mzima aliitwa Shimba. Jina hilo alipewa na marehemu mume wangu, Chenge. Kwao Usukumani shimba ni simba, naye alipenda kusimama mlangoni akaita "Shimba!" kwa sauti nzito, watu wageuke, halafu atokee paka. Chenge alipougua, Shimba alilala miguuni pake hadi siku tuliyomtoa kwenda kumzika. Tangu hapo akawa kama msafiri aliyeachwa stendi, anakaa tu akitazama basi lilipopita. Panya walimkatiza mbele naye akawaangalia. Sikumdai kazi. Humu ndani tulibaki wawili tu tunaoijua sauti ya Chenge.

Mgeni, paka kijana, aliletwa na Ng'washi, jirani yangu anayeuza dagaa sokoni Kirumba.

"Shikamoo Bibi. Nimekuletea kijana wa kazi. Huyo mzee wako ameshastaafu."

"Marahaba. Mbona kijana anapiga chafya?"

"Vumbi la dagaa hilo. Hata mimi napiga." Akapiga moja ya kunionyesha, tukacheka.

Sasa sikieni nilichofanya. Kwetu Bukoba nilikokulia, mgeni hatengewi chakula pembeni. Ukimpa sahani yake peke yake, ameshaelewa kwamba unamhesabia siku. Basi nikaichukua sahani ya bati ya Shimba, nikamimina supu ya sato, nikawaita wote wawili. Mgeni aliinamisha kichwa, akanusa, makamasi yakamdondokea humo humo, asile. Shimba, kwa adabu zake za kizee, akalamba mpaka bati likang'aa. Mimi nimekaa kwenye kigoda nawatazama, moyo umejaa, nasema nyumba imepata watu tena.

Kulipokucha, macho ya Mgeni yalikuwa yamegandamana kama bahasha. Nikamtia kapuni, nikampeleka Buzuruga kwa Obedi, bwana mifugo mwenye duka la dawa.

Obedi alimfungua mdomo, akammulika tochi, akasikiliza kifua. "Haya ni mafua ya paka, Bibi. Wewe hayakupati. Ila yanapanda mikono yako na nguo zako, yanashukia kwa paka mwingine. Una mwingine nyumbani?"

"Ninaye. Mzee."

"Wamekula pamoja?"

Nikatazama makopo ya dawa kwenye rafu.

"Bibi?"

"Sahani moja, mwanangu."

Akazima tochi taratibu. "Watenge leo hii. Huyu mpe dawa, msafishe macho kwa maji ya uvuguvugu, mfukize kwa mvuke ili pua ifunguke. Maji matupu, usitie majani. Yule mzee tumwangalie tu. Kwa umri wake yakimpata, sitakudanganya."

Ndipo vikaja vitenge na beseni. Funga cha kijani, ingia stoo, futa macho, lazimisha dawa, kwaruzwa. Toka, nawa, funga cha njano, ingia chumbani, mtazame Shimba puani. Goti langu la kushoto likawa linalia kama bawaba. Wakati wa kufukiza nilifunika beseni la maji ya moto kwa shuka, mimi na Mgeni tukaingia chini ya shuka, jasho likinitiririka. Mkono wangu ulijiendea wenyewe kwenye mkaratusi wa uani, kama nilivyowafukizia wanangu wote, nikaurudisha.

Ng'washi akatukuta hivyo. "Jamani! Paka anafukizwa! Nyie Wahaya mna makuu, kesho tutasikia anapelekwa shule ya kulipia."

"Ondoka hapa. Na vumbi lako la dagaa."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Umekonda, Bibi. Nimrudishe Kirumba?"

Nilimwambia hapana, lakini neno lake likabaki ndani kama mwiba wa samaki. Alasiri moja, Mgeni alipoutema mchanganyiko wa dawa na supu kifuani kwangu, nikamtia kapuni. Nilimwona adui. Amekuja na makamasi yake kunichukulia Shimba wangu, nami ndiye niliyemkaribisha. Nikafika hadi kwenye geti. Ziwa kule chini lilikuwa jeupe kwa jua na mawe ya mlimani yalikuwa ya moto. Nikaingiza mkono kapuni kumweka sawa, na kidole changu kilikuwa bado kina harufu ya sato. Akakinusa. Akakilamba. Ulimi mkavu, unakwaruza, unarudia na kurudia.

Nilisimama pale getini nikilambwa kidole kama mjinga. Halafu nikageuka, nikampashia supu.

Alikula. Aliinamia kifuniko cha sufuria nilichomfanyia sahani, akawa anakula huku ananguruma. Nilikuwa bado nimechuchumaa pembeni yake niliposikia, kutoka chumbani, chafya. Ndogo, ya kiungwana, kama mtu anayebisha hodi akijua mwenye nyumba amechoka.

Nikampigia Obedi.

"Basi mlango hauna kazi tena, Bibi," alisema. "Mfanyie kama ulivyomfanyia kijana."

"Atapona?"

"Ale kwanza. Akila, tutazungumza."

Vitenge vyote viwili nikavitia majini. Mlango wa stoo nikauacha wazi. Shimba alikuwa amelala juu ya koti la Chenge, kifua kinakoroma, pua imeziba. Nilichambua sato miiba, nikampashia mpaka mvuke ukapanda, nikaiweka ile sahani ya bati mbele yake. Hakugeuka.

Mgeni akaja akinyatia, mkia juu. Nikadhani atavamia sahani. Alimzunguka mzee, akamnusa sikio, akajikunja ubavuni pake juu ya koti, sahani ikabaki mbele yao.

Nikakaa chini kwenye sakafu, mgongo ukutani. Zamani, saa kama hii, nilikuwa nikisema "Kitendawili!" na Chenge anajibu "Tega!" Akishindwa namdai mji, naye kila mara alinipa Usagara, hapo jirani tu. Bukoba hakutaka kunipa, alisema nitabaki huko.

"Kitendawili," nikawaambia paka. "Sahani moja, walaji wawili, imejaa."

Mvuke ulikuwa unapungua juu ya samaki. Mgeni alifumba macho. Shimba alifumbua jicho lake moja, lenye maji, akanitazama.

"Mmeshindwa? Nipeni mji, basi. Usiwe mbali, miguu yangu imechoka. Hata Usagara."

Pua ya Shimba ikatikisika. Nikaisogeza sahani karibu naye, kidogo tu, nikaacha kidole changu ukingoni mwa bati.