Nguo Yenye Bandi

Katika chumba cha kushonea cha mama yake Kimya kulikuwa na sheria moja ambayo hata paka aliijua: nguo haionyeshwi mpaka ipigwe pasi. Ikiwa bado mezani, inafunikwa shuka. Mpita njia akichungulia dirishani, shuka. Jirani akija kuomba chumvi, shuka. Kimya alikulia chini ya meza ile akiokota pini kwa sumaku, na sheria ikamwingia mwilini kabla hajajua kusoma. Jina la Kimya halikuwa la cheti. Alipewa bwenini, na kwa haki kabisa, na msichana wa kitanda cha jirani ambaye mwenyewe aliitwa Redio. Hilo la pili halihitaji maelezo.

Wote wawili walisomea kompyuta, na mwaka ule wakaingiwa na hamu ya mpango mmoja wa likizo ndefu. Wanafunzi wanaochaguliwa hupewa posho na kuitumia likizo yao kuandika programu huria, zile ambazo msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha programu, uko wazi, mtu yeyote duniani akaweza kuusoma, kuutumia na kuurekebisha. Kuingia hakukuwa kujaza maombi tu. Unachagua mradi, kisha unarekebisha kwanza kasoro moja, tena hadharani, kwenye ukurasa ambao kila mtu anauona, huku mlezi wa mradi akikutazama unavyofanya kazi.

Walichagua mradi mmoja, programu ya kuchorea vipande vya nguo kabla mkasi haujagusa kitambaa. Kimya aliuchagua kwa sababu ya mama yake. Redio aliuchagua kwa sababu Kimya ameuchagua. Nafasi ilikuwa moja, na wote wawili walijifanya hawajaiona habari hiyo.

Redio alianza kuuliza siku ile ile. Aliuliza maswali ya maana, akauliza na ya kutia aibu. Alituma msimbo uliokataa hata kuwaka, akaandika chini yake kwamba mgonjwa amefika, tafadhali mpokeeni. Mlezi, mtu wa mbali ambaye hawakuwahi kuuona uso wake, alimjibu kwa subira, mara nyingine kwa utani. Kimya aliyasoma mazungumzo yale akiona haya kwa niaba ya mwenzake. Tuseme ukweli, aliona na wivu.

Yeye alikuwa ameshika kasoro ngumu zaidi. Ukiongeza kipimo cha kifua kwenye programu ile, tundu la kwapa lilipanuka lakini mkono wa nguo ulibaki na upana wake wa zamani, kwa hiyo vipande viwili vya kushonwa pamoja havikutoshana tena. Kimya alihangaika nayo mpaka mkono ukaanza kulifuata kwapa kwa utii. Kwa watu wazima ulikaa vizuri. Kwa vipimo vya mtoto mdogo ulijipinda, na hakujua kwa nini.

Basi hakutuma. Redio akimwuliza, alijibu kwamba bado anaipiga pasi. Lakini haikuwa pasi, ilikuwa hofu. Aliogopa kwamba mlezi akiiona kazi ile imejipinda ataona kwamba Kimya mzima ndivyo alivyo, na hatamtazama mara ya pili. Nafasi ile aliitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, ndiyo maana alikuwa akiipoteza.

Wiki ya mwisho mlezi aliandika kwamba asiyeonyesha kazi yoyote kabla ya Ijumaa hatafikiriwa. Akauliza pia kama kuna mtu anayeshughulikia ule mkono wa nguo, maana yupo mwombaji mwingine anayeutaka. Kimya alisoma, akafunga kompyuta bila kujibu neno, akaenda zake nyumbani.

Alimkuta mama yake anaugulia bega, na mteja yuko mlangoni, mwalimu wa shule aliyekuja kujaribu gauni. Wateja wanaojaribu nguo huvua zao kwanza, kwa hiyo tangu utotoni saa kama hiyo Kimya hufukuzwa aende jikoni. Safari hii mama alihitaji mtu wa kumshikia pini, akamwambia abaki.

Shuka likaondolewa. Kimya alitaka kugeuza uso, kwa heshima ya mama yake. Nyuzi nyeupe za bandi, ule mshono wa muda unaofumuliwa baadaye, zilikatiza ovyo juu ya kitambaa cha buluu. Mkono mmoja ulikuwa umeshikizwa, wa pili haukuwapo kabisa. Mwalimu akalivaa hivyo hivyo, na mama wala hakuwa na habari.

"Inua mkono, mwalimu," alisema. "Inakubana wapi?"

Mwalimu akagusa nyuma ya kwapa. Mama akafumua bandi pale pale, akapachika pini upya, akauliza tena, akafumua tena. Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliondoka akishukuru, kana kwamba ameshaivaa nguo iliyokamilika.

"Mama, si ulisema nguo haionyeshwi kabla ya pasi?"

"Kwa wapita njia, mwanangu. Wale wanatazama tu. Mwenye kuivaa lazima aivae mbichi." Mama alikuwa akikusanya nyuzi sakafuni. "Nikishamaliza kushona na kupiga pasi, nitamwuliza inabana wapi ili nifanye nini? Kwani miaka yote hii ulidhani nabahatisha?"

Kimya alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafungua kompyuta juu ya meza ya kukatia, katikati ya vipande vya buluu, akaufungua ule ukurasa, akiamini mkono wa nguo umeshapewa mtu mwingine.

Chini ya swali la mlezi palikuwa na jibu la Redio. "Mkono usimpe mtu. Kuna rafiki yangu anaushughulikia, na anajua kuliko mimi. Ni mtu wa haya tu. Naomba umngojee." Na chini yake mlezi alikuwa ameandika kwamba atamngojea.

Alilisoma mara kadhaa. Redio alijua nafasi ni moja. Kimya akafuta machozi kwa kipande cha kitambaa, akatuma kazi yake yote, na akaandika: "Hii bado ina bandi. Kwa vipimo vya mtoto inajipinda, na sijui kwa nini. Naomba mniambie inabana wapi."

Mlezi alimwonyesha. Wakafumua, wakashona upya, na Ijumaa mkono ulimkaa hata mtoto.

Majibu yalipotoka, Kimya alikuwa amechaguliwa na Redio hakuchaguliwa. Redio ndiye aliyefika mbio kwenye chumba cha kushonea kuleta habari, akamkumbatia mpaka kiti kikaanguka, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Kisha akaendelea kusema. Alisema sasa atalala likizo nzima. Alisema atanenepa, na Kimya atamshonea magauni ya bure kwa ile programu. Alisema mlezi amenusurika na maswali yake. Alikuwa anasema kuliko siku zote, na Kimya, aliyekulia katika chumba kile, alilitambua shuka alipoliona.

Alivuta kigoda, akakaa mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Inakubana wapi?"

Redio alinyamaza katikati ya utani. Akatazama pembeni, akatazama dari, kisha akautoa mkono mmoja taratibu na kuuweka kifuani.

"Hapa," alisema, na akalia bila kujifunika uso.

Mama, aliyekuwa akishona pembeni, aliwatazama. Akaondoa mguu kwenye cherehani, akainuka, na bila kufukuzwa na mtu akaenda jikoni.